Sura ya Nne: Tunachokitibu na Tunachokivumilia

Ukikaa siku nzima katika chumba cha kliniki ya wanawake, iwe Temeke, Tanga au Kigoma, swali litakalokurudia si la saratani wala la ugumba. Ni la majimaji. "Nesi, natokwa na uchafu." Ukimuuliza uchafu wa rangi gani, anasema mweupe, au wa kuvutika kama ute wa yai. Unawasha? Hauwashi. Una harufu mbaya? Hapana. Tumbo linauma? Haliumi. Umekwisha tumia dawa gani? Hapo ndipo orodha inapokuwa ndefu: antibayotiki za duka la dawa alizopewa bila kupimwa, vidonge vya kuweka ukeni alivyoagiza kwa dada mmoja wa Instagram, maji ya chumvi, maji ya limau, na chupa ya mitishamba ya "kusafisha kizazi". Alipoanza safari hiyo hakuwa mgonjwa. Sasa yawezekana ni mgonjwa.

Kwenye benchi hilo hilo ameketi mwingine ambaye hakuja kwa ajili yake, amemleta mtoto chanjo. Ukimdadisi mawili matatu atakwambia, kama jambo la kupita tu, kwamba kila akikutana na mumewe anaona damu kidogo, tangu mwaka jana. Hajanywa dawa, hajamwambia mtu. Damu kwa mwanamke, anasema, si ni kitu cha kawaida?

Ugumu wa afya ya uzazi kwetu uko hapo, kati ya wanawake hawa wawili. Mmoja anatibu kisichoumwa, mwingine anavumilia kinachoua. Maswali ya sura hii nimeyajibu nikiwa na wote wawili mbele yangu, na sitayapa nafasi sawa, maana uzito wake haulingani.

Tuanze na ute. Uke una njia yake ya kujisafisha. Majimaji yanayotoka ni mchanganyiko wa ute wa mlango wa kizazi, chembe zilizochakaa za ngozi laini ya ndani, na bakteria. Bakteria hao ndio walinzi. Ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, na kazi yao ni kutengeneza asidi. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, pH ya uke wenye afya iko kati ya 3.8 na 4.5, na katika uchachu huo vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Ute nao haufanani mwezi mzima. Hedhi ikikatika unapungua. Yai linapokaribia kupevuka unakuwa mwingi, mwepesi, wa kuteleza, na ukiushika kwa vidole viwili unavutika. Yai likishatoka unakuwa mzito na mweupe. Ukikaukia kwenye chupi huacha alama ya manjano hafifu. Mjamzito hutokwa na mwingi zaidi. Mwanamke anayeona mambo haya anauona mwili wake ukifanya kazi.

Ukiingiza sabuni, limau au maji ya chumvi ndani, unawafukuza walinzi pamoja na uchachu wao, na nafasi wanayoiacha hukaliwa na bakteria wengine. Baada ya siku chache harufu inakuja kweli, na mwanamke anazidi kuosha. Shabu, ambayo wengi huitumia kubana na kukausha, huchubua ngozi ya ndani, na michubuko hata isiyoonekana kwa macho ni njia ya VVU. Lakini kinachonikasirisha kuliko vyote ni vile vifuko vidogo vya dawa vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la lulu za kusafisha kizazi. Muuzaji anatuma picha za vipande vinavyotoka siku ya tatu na kusema ndio uchafu wenyewe huo. Vipande hivyo ni ute na ngozi ya uke iliyounguzwa na dawa hiyo hiyo. Mteja amelipia jeraha, kisha anaonyeshwa jeraha kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Makungwi wa pwani walizungumza na wasichana habari za mwili wakati shule hazikuthubutu hata kuutaja, na nawaheshimu kwa hilo. Msisitizo wao juu ya usafi hauna kosa ukiishia nje. Maji safi yanatosha, na sabuni isiyo kali kwenye mapaja na sehemu zenye nywele kwa anayependa. Kupangusa kuende kutoka mbele kwenda nyuma. Chupi iwe ya pamba na ikauke juani badala ya kufichwa nyuma ya mlango wa bafu.

Ute wa ugonjwa una tabia zake. Wa kijivu, mwepesi, wenye harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa, mara nyingi ni bakteria waliopoteza uwiano, na dawa yake ya kawaida ni metronidazo. Ule mzito wa mabongebonge meupe, wenye muwasho na wekundu, mara nyingi ni fangasi. Wa manjano au kijani wenye povu huenda ukawa trikomona, ambayo huambukizwa kwa ngono, kwa hiyo mwenza naye lazima atibiwe, ama sivyo mtaendelea kurudishiana. Fangasi wanaorudi kila baada ya wiki chache wanadai kipimo cha sukari na cha VVU. Na ute wowote ukija na homa pamoja na maumivu chini ya kitovu, usisubiri kesho. Maambukizi yanaweza kuwa yamepanda hadi kwenye mfuko wa uzazi na mirija, na mirija ikishapata makovu hakuna dawa ya kunywa inayoirudisha ilivyokuwa.

Kuna pia hii UTI ambayo siku hizi kila mwanamke anayo. Mgonjwa anapewa kikopo, anakojoa bila kuelekezwa, mkojo unachanganyika na ute, kipimo cha haraka kinaonyesha chembe nyeupe za damu, anaandikiwa antibayotiki. Mwezi ujao ni hivyo hivyo, na ugonjwa unapewa cheo: UTI sugu. Maambukizi ya njia ya mkojo yana dalili zinazojulikana: mkojo unachoma, unabana mara kwa mara, unatoka kidogo kidogo. Kama huna hata moja kati ya hizo, na huna mimba, uliza kabla ya kupokea dawa: "Daktari, mkojo wangu unaweza kuoteshwa?" Kuotesha kutaonyesha kama kweli kuna bakteria na ni dawa gani inayowaweza. Ukipewa kikopo, jisafishe kwanza, uache mkojo wa mwanzo upite, ukinge wa katikati.

Sasa maumivu. Hedhi kwa wengi huuma, na sababu yake inajulikana. Mfuko wa uzazi ni msuli, na ili uutoe utando wake unajikamua kwa kuchochewa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Ibuprofeni na dawa za jamii yake hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo sababu zinafanya kazi vizuri zaidi zikinywewa maumivu yanapoanza, baada ya kula, kuliko zikingoja mpaka msichana ameanza kugaagaa sakafuni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aulize kwanza. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo husaidia. Hapo bibi zetu walikuwa sahihi.

Lakini kuna maumivu ambayo hayastahili lile jibu la "ukizaa yataisha". Msichana anayekosa shule kila mwezi, anayeumwa kabla damu haijaanza na kuendelea ikishakoma, anayeumia akienda haja kubwa siku za hedhi, au mke anayeumia kwa ndani wakati wa tendo la ndoa, huenda ana endometriosisi. Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zimeota nje yake, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma karibu na utumbo, na huko huvimba na kuleta makovu. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuwapata asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Kwetu msichana wa namna hiyo huambiwa ana chango, hupikiwa mizizi, na akilalamika mara ya tano huambiwa anadeka. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isione chochote. Majibu safi hayamaanishi kwamba anasingizia, na mama anayeamini maumivu ya binti yake amekwisha mpunguzia nusu ya safari.

Kuhusu wingi wa damu, vitabu vinasema hedhi inayozidi mililita 80 ni nyingi, kipimo ambacho hakuna anayeweza kukitumia nyumbani. Tumia vingine. Pedi inalowa ndani ya saa moja au mbili? Unaamka usiku kubadilisha? Damu inatoka na mabonge makubwa? Inapita siku saba? Na je, unapanda ngazi ukihema, moyo ukienda mbio? Kuna swali jingine ambalo halionekani kuhusiana, nami huliuliza kila mara: unakula udongo? Ule wa vipande vya kahawia unaopangwa sokoni kando ya karanga? Hamu ya udongo, ya barafu au ya mchele mbichi mara nyingi ni sauti ya mwili uliopungukiwa madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Chakula, malaria na minyoo vina sehemu yao. Hedhi nyingi ina yake pia, na ndiyo isiyotajwa.

Mara nyingi nyuma ya damu hiyo kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ule wengi wanaouita faibroidi. Utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi walikuwa nao, na wengi hawakuwa wamejua. Uvimbe huu si saratani, na ni nadra mno kugeuka kuwa saratani. Kuambiwa unao si kuambiwa ukatwe kizazi. Mdogo usiosumbua unaachwa na kuangaliwa. Unaoleta damu nyingi una dawa za kupunguza damu, na upo upasuaji wa kuondoa uvimbe tu na kuacha mfuko wa uzazi. Dawa za mitandaoni za "kuyeyusha" uvimbe hazijawahi kuthibitishwa kuuyeyusha. Nimewaona wanawake waliozitumia mwaka mzima, damu yao ikizidi kupungua mwilini, wakifika hospitali hawawezi hata kupasuliwa mpaka waongezewe damu kwanza.

Swali la mtoto linakuja na machozi, na kwa kawaida linakuja na mwanamke peke yake. Ameolewa miaka mitatu, hajashika mimba, mawifi wameanza kusema. Amepigwa ultrasaundi mara nyingi kiasi kwamba hana tena hesabu, amezibuliwa mirija kwa dawa za chupa, ameombewa, amesomewa. Mumewe je, amepimwa? Hajapimwa. Yeye ni mzima, anasema, ana nguvu zote. Nguvu za kiume na wingi wa mbegu ni vitu viwili tofauti. Katika wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, karibu nusu wana tatizo linalomhusu mwanamume, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo cha mbegu ni rahisi, hakiumi, na majibu yake hutoka haraka. Kile cha mirija ni picha ya eksirei inayopigwa baada ya kuingizwa dawa maalumu kupitia mlango wa kizazi, nacho kinauma kiasi na kina gharama. Haki na busara zote zinataka cha mume kitangulie au viende pamoja. Wanandoa wanaokutana mara kwa mara bila kinga waende kupimwa baada ya mwaka mmoja, na baada ya miezi sita kama mke amefikisha miaka 35.

Na ile siku ya 14? Inawapoteza wengi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, wala si siku 14 baada ya ile iliyopita, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 34 atakuwa kwenye siku ya 20 hivi. Yai huishi chini ya siku moja, mbegu huweza kukaa mpaka siku tano. Kwa anayetafuta mtoto, siku zenye nafasi ni zile chache zinazotangulia yai, siku za ule ute wa kuvutika niliokwisha kuutaja.

Uzazi wa mpango unahitaji kitabu chake, hapa nitagusa hofu tatu tu. Kitanzi hakipandi kwenda kwenye moyo, maana hakuna njia ya kutoka mfuko wa uzazi hadi huko. Kile cha shaba hufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi, na kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi. Sindano ikikata hedhi, damu haijikusanyi mahali popote. Utando haukujengwa, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Sindano hiyo hiyo ndiyo inayochelewesha kurudi kwa mimba, wakati mwingine hadi miezi 10 au zaidi, na anayetaka mtoto mwakani aambiwe hivyo kabla ya kuchomwa. Hofu yangu mimi iko kwingine. Ni kwa binti anayechelewa hedhi, anapata maumivu ya upande mmoja na kizunguzungu, kisha anapewa dawa za maumivu alale. Hiyo yaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mirija ikipasuka, damu humwagikia tumboni na mtu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Hospitali, usiku huo huo, hata kama binti haruhusiwi kuwa na mimba.

Nirudi kwa yule aliyeleta mtoto chanjo. Damu baada ya tendo la ndoa inaweza kutokana na mambo madogo, kama maambukizi au kinyama laini kilichoota kwenye mlango wa kizazi. Inaweza pia kuwa saratani ya mlango wa kizazi, na hakuna mhudumu anayeweza kutofautisha kwa kusimuliwa. Lazima aangaliwe.

Nchini Tanzania saratani hii ndiyo inayowapata na kuwaua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka huo mmoja. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mbele ya bahari ya Dar es Salaam, hufika ugonjwa umekwisha kwenda mbali, mionzi ikibaki kuwa ya kupunguza damu na maumivu. Inaniuma kwa sababu saratani chache zinatupa muda mrefu kama hii. Chanzo chake ni virusi vya HPV, jambo lililompatia Mjerumani Harald zur Hausen Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na virusi hivi wakati fulani, na kwa walio wengi mwili huviondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na kwa mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa inaweza kuwa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Kukutwa na HPV hakumtuhumu mtu uzinzi. Mke anaweza kuwa alivipata kabla ya ndoa, mume vilevile, na hakuna kipimo kinachoweza kusema vilitoka kwa nani.

Ndani ya miaka hiyo yote kuna mabadiliko yanayoonekana. Kipimo kilichoenea katika zahanati na vituo vyetu vya afya kinatumia asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. Mhudumu anaipaka kwenye mlango wa kizazi ikiwa na nguvu ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anatazama kwa taa. Mahali penye chembe zilizobadilika hugeuka peupe. Kama eneo hilo linafaa, linatibiwa pale pale kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa kifaa cha joto, kazi ya dakika chache, na mwanamke anarudi nyumbani kwa miguu yake akiwa ameagizwa kutokutana na mume kwa wiki nne hivi. Hiyo si tiba ya saratani. Ni kuondoa kitu ambacho kingeweza kuwa saratani akiwa na miaka 45. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30, na miaka 25 kwa wenye VVU. Kinakuja pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba nyuma ya pazia.

"Naogopa kile chuma." Nasikia hivyo kila wiki, basi nikieleze. Spekulamu ni kifaa chenye midomo miwili, cha chuma au cha plastiki, kinachoingizwa kimefungwa na kufunguliwa taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Utahisi mgandamizo na baridi, na ukikaza mapaja utahisi zaidi. Hudumu dakika chache. Huna haja ya kunyoa. Usijioshe ndani na usikutane na mwenza siku moja au mbili kabla, na uchague siku ambazo huko mwezini, isipokuwa kama damu yenyewe ndiyo iliyokupeleka, hapo nenda ilivyo. Unaweza kuomba mhudumu wa kike, na kama hayupo omba mwanamke mwingine awepo chumbani. Ukisema basi, anaacha. Msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume aseme hivyo mapema, na hataingizwa kifaa hicho kwa sababu ya uchunguzi wa kawaida. Nakiri kwamba wapo wahudumu wenye mikono mizito na midomo mizito zaidi, wanaouliza mwanamke alikuwa wapi siku zote. Mwanamke mmoja aliyefedheheshwa namna hiyo huwaondoa kwenye foleni majirani zake wote.

Kuhusu chanjo: Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 kwa wa miaka 14, Kenya mwaka 2019 kwa wa miaka 10. Mwaka 2024 Tanzania iliingia utaratibu wa dozi moja na kuwafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba chanjo hii inafunga kizazi umewafanya wazazi wengi wawafungie mabinti nyumbani siku ya chanjo. Haigusi mayai wala homoni. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi, na inatolewa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana navyo. Aliyechanjwa naye atahitaji kuchunguzwa akiwa mtu mzima, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za HPV.

Nimebakiza wanawake ambao hawaulizwi chochote, bibi zetu. Kliniki zetu za wanawake zimejengwa kwa ajili ya mimba na mtoto, na aliyeacha kuzaa huhisi hana tena sababu ya kuingia. Hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo, kwa kawaida karibu na miaka 50, damu yoyote inayokuja baadaye si hedhi. Wapo bibi wanaoifurahia, wakiambiana mwezi umewarudia. Tafiti kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba katika wanawake kumi wenye dalili hii, karibu mmoja hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Tisa hawana, na mara nyingi ni ngozi iliyokauka tu. Lakini hakuna namna ya kumjua yule mmoja isipokuwa kwa ultrasaundi ya kupima unene wa utando, na ikibidi kuchukua kinyama kidogo kwenda maabara. Hata tone moja linatosha kumpeleka.

Ukavu na maumivu katika tendo la ndoa baada ya kukoma hedhi vina tiba, kuanzia vilainishi hadi krimu ya homoni, na mama wa miaka 58 anayeuliza jambo hilo anastahili jibu kamili bila mtu kucheka. Kizazi kinachoshuka, kile wengine wanachosema "nyama imetoka", nacho kina tiba. Mwanzoni mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia: unabana kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, unashikilia mpaka sekunde kumi, unaachia, unarudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Kikishuka zaidi kuna pete ya mpira inayowekwa ndani kukishikilia, na kuna upasuaji. Mkojo unaotoka ukicheka au ukikohoa mara nyingi ni jamaa wa tatizo hili na hufuata mazoezi yale yale.

Mkojo unaovuja mchana na usiku bila kukoma tangu uzazi mgumu ni jambo jingine. Hiyo ni fistula, tundu lililobaki pale kichwa cha mtoto kilipokandamiza kibofu kwa muda mrefu, na hakuna zoezi linaloliziba. Upasuaji unaliziba mara nyingi. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikiufanya bila malipo na hata kuwatumia wagonjwa wa mikoani nauli kwa simu. Anapokelewa hata mama ambaye uzazi huo ulikuwa miaka 20 iliyopita. Afungashe kanga za kutosha, kwa sababu baada ya upasuaji atakaa na mpira wa mkojo kwa wiki mbili hivi kabla ya kuruhusiwa.